Vidole Viwili

Siku hizi hakuna anayerekebisha baiskeli yake kwa mkono. Kila alfajiri baiskeli yenyewe husoma mwili wa mwenye nayo, ikapandisha kiti au ikakishusha, na ukipanda unajiona umekalia mto. Spana zilipigwa marufuku, mtu asije akajiumiza kwa ubishi wake.

Tatizo ni kwamba baiskeli haikosei. Kiti cha jirani yetu Sekibo kilianza kushuka Februari, naye hakuwa akisikia maumivu yoyote. Mei tulimzika.

Jumapili ile, kabla ya matembezi yetu ya Raskazone, nilikuta kiti cha mke wangu Mwanahawa kimeshuka vidole viwili. Sikumwambia. Nilitoa spana ya marehemu baba niliyoificha stoo, nikashusha na changu.

Njia nzima magoti yaliniwaka moto. Mwanahawa alinitazama, akacheka.

"Kumbe na wewe umeshushiwa, Baba Zuhura?"

"Uzee huo, Mama Zuhura. Unaendaje?"

"Raha tupu. Nasikia upepo tu."

Tulipofika ufukweni aliketi kwenye nyasi, akaniomba nitoe chupa ya chai kwenye mkoba wa keria yake. Chini ya chupa, ndani ya kitambaa, palikuwa na spana yenye grisi mbichi.

Kumbe alikuwa akikipandisha kiti chake kila Jumapili, nisijue. Kiti kilikuwa kimeshuka zaidi; vidole viwili nilivyoviona ni vile tu vilivyomshinda kupandisha.

Niliifunika spana. Nikammiminia chai, akakipokea kikombe kwa mikono miwili.