Ndizi za Wageni

"Dada, nishikie baiskeli nifunge mizigo," Verdiana aliniambia mbele ya genge langu hapa Mikumi.

Nikaishika. Amehamia mwezi uliopita kutoka Magole, na tayari amewaambia waliokuja kumposa binti yangu kwamba ana kifafa. Uongo mtupu. Leo watu walewale wanakwenda kumposa binti yake.

Akaning'iniza ndizi mbivu kwenye usukani, ndani ya mfuko wa wavu. Maembe na mikate akaweka nyuma, kwenye keria. Mimi nikazungusha mpira wa kufungia, nikaukaza hadi ukalia.

"Nipite darajani? Wageni wako njiani."

"Pita, ndiko karibu."

Sisi wenyeji hatupiti pale na matunda bila kuyafunika gunia. Nyani hushinda kwenye kingo za daraja, na mwanamke hawamwogopi. Gunia nilikuwa nalo mkononi.

"Asante, dada. Mungu hamtupi mja wake."

"Hamtupi," nikamjibu.

Akapanda, akaenda. Nilipomwona nyani wa kwanza akishuka kwenye ukingo, nililikunja gunia langu, nikalikalia.