Kwato ya Pambo

Shebe wa buchani alishasimama uani, kamba begani. "Mama Tunu, ng'ombe huyo kavunjika mguu. Nipe leo leo, kesho atabaki mifupa mitupu."

Pambo ndiye ng'ombe pekee wa Mama Tunu, na maziwa yake ndiyo yaliyolisha nyumba nzima. Mama Tunu alichuchumaa, akaupakata mguu unaochechemea, akaosha kwato kwa maji ya vuguvugu. Kisha akainamisha pua.

Shebe akacheka. "Unanusa nini, shemeji? Supu?"

"Panaoza, hapa katikati ya kwato. Mguu uliovunjika haunuki hivi. Vijidudu vya matope vimeingia, na dawa yake ipo. Kamba yako rudi nayo."

"Matope? Na jua lote hili?"

Mama Tunu akageuka kutazama mlango wa zizi. Kila siku akimaliza kuosha vyombo, maji alikuwa akiyamwaga pale pale, na Pambo akiyakanyaga asubuhi na jioni.

Akainuka na beseni la maji machafu aliyooshea kwato, akasimama nalo, akitafuta pa kuyamwaga mbali na mlango ule. Nyuma yake, Pambo aligusisha mguu chini, akauinua, akaugusisha tena.