Swali la Mwalimu Mpya

Mwalimu mpya alikuwa anafuta ubao kwa mara ya mwisho. Kesho angeanza kazi benki.

Bi Chaki, mwalimu mkongwe wa hesabu, alisimama mlangoni. Watoto walewale aliowahi kuwaita vichwa vigumu, kwa kijana huyu walikuwa wanagombania kwenda ubaoni kukokotoa sehemu. Mwaka mzima hilo lilimchoma.

“Shikamoo, mwalimu.” Mikono ya shati la kijana ilikuwa myeupe kwa vumbi la chaki hadi kwenye viwiko.

“Marahaba. Kumbe kweli unatukimbia.”

“Huenda sifai. Tangu nije, hakuna mwenzangu aliyeniambia lolote, zuri wala baya. Niambie ukweli, mwalimu wangu. Najua kufundisha?”

Neno moja tu, “hapana,” lingemwondoa kabisa. Bi Chaki alilisikia ulimini, tamu kama asali.

“Mimi nasifiwa hapa tangu hujazaliwa,” alisema. “Na mwaka huu wote nakuonea wivu mpaka chakula hakishuki.”

Kijana aliacha kufuta.

Bi Chaki alivuta dawati la mbele, akajibana ndani yake.

“Haya. Nionyeshe unavyowafundisha sehemu.”

Kijana akaokota chaki.