Kidole cha Somoe

Wakala wa simu alikifuta kidole gumba cha Somoe, akakibonyeza tena kwenye kimashine. Taa ikawaka nyekundu.

"Mama, alama za vidole huna."

"Zimeliwa na mafuta ya maganda ya korosho, baba. Nabangua tangu usichana. Jana nimevisugua kwa limau mpaka vikatoa damu."

"Basi laini haisajiliki, na leo inafungwa. Chukua mpya kwa jina la ndugu yako."

"Mwanangu Dadi aliondoka na namba hii kichwani, na hajapiga bado. Hiyo mpya ataijuaje?"

Wakala akamrudishia simu.

Somoe alikaa kwenye ngazi za duka, macho kwenye simu. Mtandao ulipokatika, aliiweka sikioni.

"Haloo, Dadi?"

Kisha akanyamaza, ampe nafasi ya kujibu.