Bi Bata kwa Bingwa wa Miguu

Bi Bata alikuwa na nyayo bapa kama miiko, na kila akitembea visigino vilimchoma. Harusi ya wifi yake ilikuwa wiki ijayo. Asipocheza, angesutwa mwaka mzima. Akaenda kwa Chatu, aliyejitangaza kuwa bingwa wa miguu.

"Shikamoo, mganga. Miguu unaijua kweli?"

"Marahaba. Tangu nizaliwe sijaumwa mguu hata siku moja."

Bata akaridhika. "Basi nifanyeje?"

"Tambaa kwa tumbo, kama mimi."

Akatambaa wiki nzima. Miguu ikapoa, lakini siku ya harusi tumbo lote lilikuwa limechubuka, hata kanga ya sare haivaliki. Akarudi kwa Chatu analia.

"Mganga, tumbo linaniwaka moto."

"Hata mimi, mwanangu, tangu nizaliwe," Chatu akaguna. "Lakini wewe uliniuliza habari za miguu."