Mtu wa Kumpokea

Mama Vifungo alikuwa amepiga magoti sakafuni, anafumua pindo la suruali ya shule kwa wembe, mwenye nyumba alipoingia bila hodi.

"Nasikia unamleta yule muuaji hapa."

"Ana jina."

"Jina analo, na kisu pia alikuwa nacho. Wapangaji wenzako wana watoto, Mama Vifungo. Na wewe hasa! Nilidhani wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kusema hapana."

"Alikuwa na miaka kumi na miwili."

"Samaki mkunje angali mbichi. Huyo ameshakauka. Akilala hapa hata siku moja, tafuta nyumba nyingine."

Akaondoka, mlango akauacha wazi kama kawaida yake.

Mama Vifungo akarudi kwenye pindo. Kazi bure. Suruali ya mtoto wa darasa la sita, hata uifumue yote, haimfikii kijana wa miaka kumi na minane. Akaitupa pembeni, akaiokota, akaikunja vizuri na kuirudisha sandukuni. Kisha akatandika kitambaa kipya mezani na kukata kwa kukisia. Fundi mzima, mtaa wote unamtegemea kwa sare na magauni, anakata kwa kukisia! Mkono wenyewe ukakata ndefu, maana upande wa marehemu mume wake wote ni warefu, milangoni wanaingia wameinama.

Afisa wa ustawi alikuwa ameshamwambia waziwazi. Kijana ametimiza umri, shule ya maadilisho haiwezi kumweka tena. Ijumaa adhuhuri asipotokea mtu mzima wa kumpokea, anahamishiwa gereza la wakubwa.

"Na akiingia kule, mama, usitegemee kumwona tena akiwa mtu. Wote tuliowapigia simu wamekataa. Umebaki wewe."

Basi akaenda gereji kwa kaka yake, kumwomba kile chumba cha nyuma, endapo mwenye nyumba atatimiza maneno yake. Kaka alikuwa chini ya gari, inaonekana miguu tu.

"Mwezi mmoja, kaka."

"Sitaki."

"Hujanisikiliza."

"Dada, lile jeneza nililibeba mimi. Lilikuwa jepesi mpaka nikaona aibu tunalibeba watu wanne. Leo unataka nimpe huyo kijana godoro?"

"Akifungwa na wakubwa, mimi nitapata nini?"

"Usingizi."

"Miaka sita silali, kaka! Miaka sita!" Akalipiga tairi teke mpaka kidole kikamuuma, akaondoka anachechemea.

Jamani, watu! Wale wale waliojaa kwake kipindi kile, kila mmoja na pole yake na "Mungu atakutia nguvu", sasa wakimwona wanavuka barabara. Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila mtu mtaani alikuwa na hukumu yake juu ya yule mtoto. Wengine walisema angenyongwa, wengine wakasema ni video, wengine ni malezi. Hakuna aliyesema twende tukamuulize.

Na kumuuliza kwenyewe kungewezekana wapi? Kesi ilisikilizwa milango imefungwa, kwa kuwa mshitakiwa ni mtoto, na Mama Vifungo akakaa nje kwenye benchi mpaka wakatoka. Aliomba aongee naye kidogo tu, wakakataa. Akaomba kumtembelea, wakakataa. Sheria, mama. Kila mlango sheria, na hakuna aliyeweza kumweleza hiyo sheria inamlinda nani dhidi ya nani. Alichoka, akakasirika, akachoka tena.

Ijumaa alifika shule ya maadilisho kabla ya saa za kazi, mfuko wa nguo kwapani.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho," alisema afisa. "Una hakika?"

"Umeniuliza mpaka umenichosha. Mlete."

"Na mimi ni mzazi, mama. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini ningekuwa mimi, nisingeweza."

"Basi bahati nzuri si wewe. Mlete."

Akaletwa. Mfupi! Mabega yamejikunja, macho sakafuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Twende."

Wakapita mtaani mchana kweupe. Mwenye nyumba alikuwa kibarazani, akatema mate yakaangukia karibu na viatu vya kijana. Mama Vifungo akamshika kijana mkono na kuingia naye ndani. Akamwekea chakula, hakuweza kula. Akampa ile suruali mpya, akaivaa nyuma ya pazia, akatoka nayo inafagia sakafu.

"Loh! Panda juu ya stuli."

Akapiga magoti mbele yake, pini mdomoni, akaanza kukunja pindo. Kijana akawa anarudisha mguu nyuma kila pini ilipokaribia.

"Tulia," alisema, pini bado mdomoni. "Nitakuchoma."

Akamaliza mguu wa kwanza, akahamia wa pili. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira, mmoja akapiga kelele ya goli. Kijana akafumba macho. Mama Vifungo akatoa pini zilizobaki mdomoni, akaziweka kwenye kopo lake, akamtazama usoni akiwa bado amepiga magoti.

"Hakimu alinifungia mlango, na kule nyuma ya shule mlikuwa wawili tu," alisema. "Haya, niambie. Mwanangu alisema nini kabla hajakata roho?"