Sinia Limefunikwa

Tangu chekechea zilipoletewa mabakuli yenye akili, mtoto hali ila chakula chake, kwa mkono wake. Mkono mwingine ukisogea, bakuli linajifunika na kutamka "Ngoja", na mwenye bakuli anangoja mpaka lifunguke.

Ijumaa hiyo Siwema alipakua wali wa nazi na samaki kwenye sinia moja, maana mama mkwe wake, Bi Riziki, alikuwa amekuja. Wakanawa, wakakaa mkekani. Bibi akachambua mnofu, akautoa miiba, akafinyanga tonge na kumpelekea mjukuu wake wa miaka minne.

"Haya baba, fungua mdomo."

Nuhu akafumba mdomo, akalifunika sinia kwa viganja vyake vyote viwili.

"Mkono wa mtu. Ngoja," akasema, kwa sauti kavu isiyokuwa yake.

"Nuhu! Huyo ni bibi yako!" Siwema alifoka. Wiki ya tatu sasa ndiyo hivi hivi. Amembembeleza, amemgombeza, sawa na kumpigia mbuzi gitaa.

"Uchoyo siku hizi unafundishwa shuleni?" aliuliza Bi Riziki, tonge bado limeelea hewani.

"Siyo uchoyo, mama. Ndivyo bakuli lao linavyofanya."

"Kumbe nimekuja kula na bakuli!"

Wali ukaanza kupoa. Siwema, kwa hasira, akataka kuviondoa vile viganja kwa nguvu. Alipotazama chini, akaona mkono wake mwenyewe umeshajirudisha mapajani, umetulia, unangoja ruhusa.